Mtungi Uliotaka Kugeuzwa

— Paukwa!
— Pakawa!
— Udongo?
— Ukawa mtungi!
— Na mtungi?
— Ukawa hadithi!
— Na hadithi?
— Ikawa mdomoni mwako!

Mwasema kweli. Shule niliikimbia darasa la tatu, lakini kwa hadithi hapa hakuna wa kunisogelea. We shemeji wa nyuma, acha kusinzia, mtungi utakupasukia.

Hapo kale palikuwa na mfinyanzi, jina lake Mashavu. Alikaa na mamamkwe wake, Bi Tunu, mgonjwa wa kitandani, hawezi hata kujigeuza. Kila mara utamsikia: "Nigeuze, mwanangu." Mashavu anaacha udongo, anakwenda kumgeuza.

Sasa, Jumbe Mapengo akamwoza binti yake. Siku ya harusi mtungi wa maji ukapasuka, maji yote yakamwagikia bibi harusi. Watu wakacheka. Na mimi ningecheka! Jumbe akawaka: "Wafinyanzi! Mwezi mwingine ukiandama, nataka mtungi mzima, wa kumfika mtu kiunoni. La sivyo, shimo la udongo nalifukia!"

Shimo likifukiwa, wanawake wa kijiji kizima watafinyanga nini, mate? Macho yote yakamwangukia Mashavu. Mtungi mkubwa hivyo aliuweza yeye tu.

Jirani yake, Mwanjaa, akamnong'oneza: "Shoga, achana na kizee huyo. Anakula siku zako."

Mashavu akasikia. Akafinyanga, akafinyanga, akafinyanga.

"Nigeuze, mwanangu."
"Ngoja, mama."
"Nigeuze."
"Bado kidogo, mama!"
"Nige..."
Mashavu hakuinua kichwa.

Mtungi akauweka uani. Jua likaupiga upande mmoja. Paa!

Wa pili akauweka kivulini, karibu na mlango. Upepo ukaukausha upande mmoja. Paa!

Akaingia ndani analia. Akamkuta Bi Tunu ana kidonda nyongani, upande ule ule aliolalia. Akakitazama kidonda. Akavitazama vigae mlangoni. Upande mmoja. Upande mmoja.

"Nisamehe, mama."
"Nigeuze kwanza, utalia baadaye."

Siku zimebaki kumi na mbili. Mashavu akauhamishia udongo chumbani, kando ya kitanda cha kamba. Akafinyanga mtungi wa tatu. Bi Tunu akisema "Nigeuze," anamgeuza, na mtungi anaugeuza. Anamfuta kwa kitambaa kibichi, na mtungi anaufunika kitambaa kibichi. Mwezi unapungua, udongo haujakauka, roho iko juu! Mara mbili aliukumbatia autoe nje juani. Mara mbili akaurudisha.

Siku ya kuuchoma, kijiji kizima kilikaa kikisikiliza moto. Ukuni ukilia "ta!", watu wanashika vifua.

Mtungi ukatoka. Jumbe akaugonga kwa kidole. Ngooo! Akaujaza maji. Wakangoja.

Tone likachomoza ubavuni.

"Unavuja!" Mwanjaa akapiga kelele. Jumbe akalifuta tone, akatazama. Likaja jingine, dogo, likaganda pale pale.

"Jasho hilo," akasema Bi Tunu, aliyeletwa juu ya kitanda chake. "Hata mimi homa ikishuka natoka hivyo hivyo. Jumbe, onja maji."

Jumbe akanywa. Baridi! Mapengo yote yakaonekana. Shimo likabaki wazi.

Mwanjaa akaja mbio. "Shoga, umetumia dawa gani?"
"Neno moja tu. Nigeuze."

Basi Mwanjaa akarudi kwake, akafinyanga, akauacha mtungi juani. Akakaa kwenye mkeka, kutwa anaufokea: "Nigeuze! Nigeuze! Nigeuze!" Kidole hakunyanyua.

Mtungi ukamjibu. Mnajua ulisemaje?
— Paa!

Hadithi yangu nimewafinyangia, nimewageuzia huku na huku, haina ufa. Ikiwapasukia nyumbani, msije kunigombeza: jiulizeni mliilaza upande gani.