Vikombe vya Msimamizi

Bwana Ghalib, msimamizi wa soko la vyakula ufukoni, alikuwa hanunui, alikuwa anaonja. Aliyemnyima, kesho yake meza yake ilihamishiwa nyuma, karibu na jaa la taka.

Kila jioni alimalizia kwa Bi Arafa, muuza supu ya pweza, ile supu ambayo wanaume huinywa harakaharaka na hawaulizani kwa nini. Kwa uonjaji wake, sufuria ilikauka wateja wangali kwenye foleni.

"Leo kimoja tu, mama," alisema Ghalib.

"Kimoja hakikutoshi, baba." Bi Arafa akamjazia cha pili, kisha cha tatu.

Jirani yake, mchoma mishikaki, akamnong'oneza, "Arafa, unamnenepesha anayekumaliza."

"Mgonjwa hanyimwi dawa," alijibu Bi Arafa, na benchi zima likasikia.

Watu wakaacha kutafuna. "Mgonjwa nani?" aliuliza Ghalib.

"Usione haya, baba. Sijamwambia mtu. Na hata ukinihamishia kule nyuma, usihofu, nitakuwa nakuletea dawa yako nyumbani. Nitamkabidhi mkeo, naye aniambie kama anaona nafuu."

Wateja waliinamisha nyuso kwenye vikombe vyao, mabega yakiwatikisika. Ghalib akakiweka cha tatu mezani, hajakigusa, akaondoka.

Jioni iliyofuata alipita mbele ya meza ile ile, mahali pale pale, akitazama baharini.

"Msimamizi," Bi Arafa alimwita, upawa mkononi, "leo huonji?"

"Nimeshapona, mama," alijibu Ghalib, na hakugeuka.