Ukuta Ulioachiwa Meno

Niulizeni: Kale gani? Kale ya watu ambao hata makaburi yao yameshasahau majina, kabla bati halijajulikana, nyumba ya shamba ikisimama kwa mawe, chokaa na boriti za mkoko. Sogeeni basi. Na wewe mwenye muwa, tafuna polepole nisikike.

Palikuwa na shamba la mtama na ufuta, likiitwa Kitangani, na katikati yake nyumba. Ilianza na chumba kimoja, kirefu, chembamba. Chembamba kwa nini? Kwa sababu chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko boriti inayobeba dari lake. Kwa hiyo nyumba ile haikunenepa, ilirefuka. Binti akiposwa, baba humwongezea chumba mwishoni, na mume ndiye anayehamia. Akaposwa Mwana Iki, kikaongezwa chumba. Akaposwa Fatuma Bunu, kikaongezwa chumba. Wakaposwa wajukuu, wakaposwa vitukuu, nyumba ikaenda, ikaenda, kama jongoo. Na kila chumba kiliitwa kwa jina la mwenyewe, hata baada ya mwenyewe kuzikwa.

Kila mwashi alipomaliza, aliacha mawe yametokeza nje ya ukuta wa mwisho, moja limetoka, moja limeingia. Yakiitwa meno. Ukuta utakaofuata ndio utakaoyashika. Mpita njia akiyaona hujua kwamba humu bado yupo binti wa kujengewa.

Sasa Shekue, binti pekee wa Bwana Lali, akaposwa. Mawe yakakusanywa, chokaa ikachomwa, na kabla chumba hakijaanza baba yake akafariki. Mama yake akaingia eda, hatoki, haonekani. Wakati huohuo ami yake Shekue, Bwana Shebwana, akaleta mwashi. Wakajaza vifusi katikati ya meno, wakapiga lipu, ukuta ukawa laini kama kiganja.

Shekue alirudi kisimani akaukuta hivyo. Alisimama, mtungi kichwani, maji yakimtiririkia shingoni asiyahisi. Alielewa. Chumba hakuna, basi ataolewa aende kwa watu, na mama yake abaki peke yake katika nyumba ambayo ami ameshaihesabu kuwa yake.

Mnadhani alilia? Alikwenda kuwaita wazee.

Wakaketi barazani, wanawake nyuma ya pazia. Shekue peke yake alisimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, na wenye kunong'ona wakanong'ona. Bwana Shebwana akaeleza kwa upole kwamba nyumba imefika mwisho wake, kwamba marehemu hakuacha mwana wa kiume, na kwamba ukuta uliokwisha kupigwa lipu ukichimbuliwa utaporomoka, dari limwangukie mjane. Alimtaja mjane tena na tena, kwa huruma nyingi.

Shekue alikuwa ameyapanga maneno yake tangu alfajiri. Akamwuliza ami yake analala chumba gani. Akajibiwa, cha Fatuma Bunu. Na alizaliwa kipi? Cha Mwana Iki.

"Basi, ami, nionyeshe chumba chenye jina la mwanamume, nikakufagilie ukalale."

Barazani wakacheka, na nyuma ya pazia pia. Mnaona alivyoshinda? Hakushinda. Kicheko kilipoisha, Mzee Famau, mkubwa wao, akajifuta macho akasema binti ana ulimi mzuri, lakini ulimi haushikilii dari. Nani hapa atakubali kumbomolea mjane? Shekue akaona nyuso zinamgeukia ami yake. Hoja aliyoitegemea imekwisha, na ukuta uko palepale.

Ndipo akasema Mwana Tima, mke wa Bwana Shebwana, kutoka nyuma ya pazia, binti yao mchanga, Esha, akinyonya.

"Baba Esha, na huyu wangu atajengewa wapi?"

"Hebu tulia. Huyu akifika umri tutamchimbulia."

Alijibu bila kugeuka, kama afukuzaye nzi.

"Tutachimbua nini, ami?" akauliza Shekue, sauti ya chini.

Sasa Bwana Shebwana akageuka kulitazama pazia.

"Ukuta uleule? Au dari linamjua Esha kuwa ni mwanao?"

Wazee hawakuhitaji kushauriana. Mzee Famau akamwamuru Bwana Shebwana alete sururu, achimbue kwa mikono yake. Dari halikuanguka. Lakini baadhi ya meno yalivunjika, ndiyo maana chumba cha Shekue hakikushikana sawasawa. Kila masika ufa ulifunguka pembeni, ukazibwa, ukafunguka tena. Aliishi nao maisha yake yote.

Ngojeni, sijamaliza. Miaka ikapita, Esha akaposwa. Ajengewe wapi? Nyumba ilirefuka upande mmoja tu, na chumba cha mwisho kilikuwa cha Shekue. Bwana Shebwana, kichwa mvi tupu, akaja akapiga hodi chumbani kwa Shekue, katika nyumba aliyozaliwa.

"Umekuja kuomba ukuta, ami."

"Nimekuja, mwanangu."

Shekue akamwacha asimame. Hakuwa amemsamehe, na asije mtu akasema kwamba mimi nimesema alimsamehe. Kisha akamwongoza nje hadi ukuta wa mwisho. Pale meno yalikuwa yametokeza, marefu kuliko yote ya nyumba ile, kwa sababu siku ya kujengewa alimsimamia mwashi akimwambia ayatoe zaidi, na zaidi, Esha angali ananyonya.

"Mwite mwashi," akasema, akarudi ndani.

Wanangu, dhuluma ikishapigwa lipu huonekana kama ukuta wa siku zote. Iulizeni. Na haki yenu mkiipata, msiifunge pale mlipofikia. Mwachieni ajaye pa kushikia, hata kama ni mtoto wa aliyewadhulumu. Hasira mnaweza kubaki nayo.

Kisa changu kimefika ukutani. Atakaye kukirefusha, aanzie hapa nilipoachia.