Pindo la Joho la Zambarau

Wapendwa, nianze kwa kukiri kosa. Jumapili moja nilihama benchi kanisani kwa sababu aliyeketi karibu nami ni mzee anayezibua vyoo mtaani kwetu. Ijumaa iliyotangulia alikuwa amezibua changu. Mungu anisamehe. Tangu siku ile kisa hiki hakinitoki kichwani.

Zamani, katika mji wa bandari wa Tiro, aliishi fundi wa kutia nguo rangi, jina lake Abdoni. Rangi yake ilikuwa zambarau, iliyotoka kwa konokono wa baharini waliovundikwa siku nyingi kwenye mapipa. Nguo zilipendeza mno. Lakini ile harufu! Abdoni alioga, akajisugua kwa mchanga, bado harufu ilimtangulia mlangoni.

Siku moja mkuu wa mji, Mzee Hanoni, akatangaza: wageni wa heshima wanakuja, watia rangi wote wahame kabla jua halijazama. Mke wa Abdoni alikuwa mjamzito, siku zake zimekaribia. Angemlaza wapi? Akaenda barazani kwa mkuu.

"Simama hapo hapo!" Hanoni alimkemea, kaziba pua. "Upepo unatokea kwako."

Watu wakaangua kicheko.

"Nimesimama, mzee wangu. Mke wangu yu karibu kujifungua, lakini sikuja kubisha. Nauliza tu: tunafukuzwa sisi, au inafukuzwa harufu?"

"Harufu! Kila chenye harufu ya konokono kitoke mjini. Sitampendelea mtu."

"Basi naomba jambo moja. Lowesha pindo la joho lako, kisha unuse."

Hanoni alikuwa amevaa joho la zambarau, kazi ya mikono ya Abdoni mwenyewe. Akatabasamu kwa dharau, akachovya pindo kwenye kikombe chake cha maji, akalipeleka puani.

Kicheko kikakatika. Hata waliokaa nyuma waliisikia ile harufu ya konokono.

Hanoni akalitazama joho lake. "Kwa hiyo na mimi nihame?"

"Hapana, mzee. Wewe ukae. Nasi tukae."

Mkuu akajisogeza pembeni, akapapasa nafasi iliyobaki kwenye benchi. "Njoo uketi," alisema. "Mkeo anaendeleaje?"

Funzo: Usimzibie pua mtu ambaye jasho lake umelivaa.

Mimi jina la yule mzee wa kanisani sikulijua kwa miaka sita. Ukishawatumia wengine ujumbe huu, tafadhali nenda kamuulize jina lake anayezoa taka zako.