Dele la Marehemu Mama

Paukwa! Itikieni kwa sauti ndogo, wanangu, maana ngano ya leo ina kilio ndani.

Alikuwako Mwanamize, yatima, aliyeachiwa na mamake dele la kahawa la shaba, jeusi kwa uzee. "Lifute kwa kitambaa kikavu, basi," mama alimuusia. Na kila Mwanamize alipomimina kahawa, sauti ya mama ilitoka mdomoni mwa dele: "Umekula, mwanangu?"

"Nimekula, mama," hujibu, hata siku alizoshinda na njaa.

Siku moja wifi yake, mke wa kakake, akalitazama dele akaguna. "Kesho waja watu wa posa, nawe utawamiminia kwa uchafu huu?"

Mwanamize akaona haya. Akalisugua kwa ndimu. Dele likalia:

"Mwanangu, nifute, usinisugue!"

Akalisugua kwa jivu. Dele likalia, kwa sauti ya kukwaruza:

"Mwanangu, nifute, usinisugue!"

"Vumilia, mama, wageni waja," akasema, akachota mchanga. Akasugua, akasugua, hata dele likang'aa kama jua la mchana. Mara hii halikulia.

Wageni wakaja, wakanywa, wakalisifu dele, posa ikakubaliwa. Walipoondoka, Mwanamize, ambaye tangu asubuhi hakutia kitu mdomoni, akajimiminia kahawa iliyobaki huku ametega sikio. Kahawa ikatiririka, ikadondoka, ikaisha.

"Nimekula, mama," akajibu, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Ngano imeishia hapo. Kalaleni, wala msiniulize kama alisikiwa.