Sinia la Nguchiro

Hadithi hii aliitoa kwanza shangazi yetu, Zuwena binti Mshangama, mwaka 2017, msimu wa machungwa, ukumbini kwake Muheza. Walioketi kumsikiliza walikuwa wanangu, Mwanahija na Shekue. Mimi nilikuwa namenya machungwa. Naiandika kama alivyoisema.

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana maana simu zilikuwapo, Kifaru aliishi kando ya mto na mkewe na mtoto wao, Pembe. Ng'ambo aliishi Tembo. Kwenye simu zao wanyama walikuwa na mahali pa kuonyeshana picha, pakiitwa Uwanjani. Aliyependa picha ya mwenzake alibonyeza kopa, ile alama ya moyo.

Kifaru hakuumwa tumbo wala miguu. Aliumwa Tembo.

"Mama Pembe! Njoo uone! Tembo anakula samaki wa kupaka!"

"Mwache ale. Uji wako unapoa."

"Makopa mia! Mimi nilipotuma dimbwi letu nilipata mawili."

"Moja nilibonyeza mimi."

"Najua. La pili nilibonyeza mwenyewe."

Usingizi ukamkimbia. Akakonda hadi ngozi ikamning'inia. Jiko la mkaa likavunjika mguu mmoja, likalala upande. Mkewe akimwambia alitengeneze, Kifaru anajibu, "Nakuja," na haji. Basi kila mkate wa kumimina alioupika Mama Pembe ulitoka mnene huku, mwembamba na mweusi kule.

"Baba Pembe," mkewe akamwambia, "niliolewa na mume. Sikuolewa na kisogo. Ukiendelea hivi namchukua mwanangu narudi kwetu."

"Mh," akajibu Kifaru. Tembo alikuwa ametuma picha nyingine.

Asubuhi moja, chaka-chaka-chaka! Nguchiro huyo mlangoni, kapu mgongoni, kichwani sinia la bluu lenye jogoo mwekundu.

"Hodi, mjomba! Nasikia makopa yanakupita."

"Nani kakwambia?"

"Nimeyahesabu, mjomba. Hayakunichosha."

Akafunua sinia. Ndizi za nazi, moto, zinanukia.

"Nakuazima. Weka mezani, piga picha, Tembo akose pa kuuficha uso wake."

"Unataka nini?"

"Nitake nini, na sisi ni majirani? Ila mama hakunilea nirudi nyumbani na chombo kitupu. Utanitilia chochote."

Paa! Kifaru akapiga picha. Nguchiro akazimimina ndizi kapuni mwake, vuu! Kifaru akachukua mkate uliokuwa jikoni, hata hakuuonja, akauweka kwenye sinia. Nguchiro akavuka mto.

Ikawa ndiyo desturi. Makopa yakaja, lakini Kifaru hakupona, kwa sababu makopa ya Tembo nayo yalikuja.

"Nguchiro, Tembo naye ana sinia la jogoo!"

"Anakuiga, mjomba! Mtu mzima hana haya! Kesho nitakuletea kitamu zaidi."

Mfyuu! Kifaru akasonya, na moyo ukamwaka upya. Nguchiro huku hakuwasha moto kwake msimu mzima, na shingo ikamnenepa.

Mchana mmoja Kifaru akapiga ukelele. "Lahaula! Mama Pembe, nimekwisha!"

Mama Pembe alitoka chumbani na mfuko wa nguo begani. Safari hii hakuwa akitishia. Pembe alikuwa amekwisha vaa viatu.

"Tazama mkate wa Tembo!" Kifaru analia machozi. "Tazama ulivyoumuka! Yule kaoa mke anayejua kupika!"

Mama Pembe akaichukua simu, akatazama, akatazama tena.

"Unauona upande huu mweusi?"

"Ndipo utamu ulipo! Sisi tutaupata wapi mkate kama huo?"

"Njoo jikoni."

Jiko lilikuwa limelala upande. Mama Pembe akafunua chungu, akatoa mkate, akauweka kando ya simu. Mnene huku, mwembamba na mweusi kule.

"Leo nilipika miwili. Mmoja ulimpa Nguchiro kabla haujapoa. Unaulilia mkate wangu, Baba Pembe."

Kifaru akatoka, puu! puu! puu! akavuka mto.

Akamkuta Tembo kibarazani, macho mekundu, mbavu zinahesabika, simu mkononi.

"Umekuja kunicheka?" Tembo akauliza. "Mwenzangu unakula ndizi za nazi, mimi silali!"

"Ndizi zipi?"

"Hizi hapa!"

Sauti ya mke wa Tembo ikatoka ndani: "Ndizi hizo nilizipika mimi! Ulimtilia Nguchiro kwenye sinia lake, nikabaki nakutazama!"

Wakubwa wakatazamana.

"Nguchiro!"

Wakamkuta mlangoni pa kichuguu chake, anachokonoa meno. Kabla hawajamfikia, chwii! kashazama shimoni na sinia lake.

"Toka, mwizi!" Kifaru akanguruma.

"Mjomba, mimi niliwaazima sinia," sauti ikajibu kutoka chini. "Wivu nimewakuta nao."

Mkonga haukuingia. Pembe ya Kifaru haikuingia. Wakarudi makwao.

Kifaru akakata kipande cha mti, akalitia jiko mguu. Halafu akaketi mbele ya ule mkate uliobaki, akamega upande mweusi, akatafuna polepole.

"Una iliki," akasema.

"Miaka yote una iliki," akajibu Mama Pembe, akaushusha mfuko begani.

Wivu wa kwenye simu humliza mtu kwa kitu ambacho tayari ni chake.

Shangazi Zuwena alifariki miaka mitatu baada ya siku ile. Mwanahija na Shekue wako hai. Kwa kauli ya shangazi, Kifaru na Tembo walikufa kwa uzee, si kwa wivu. Mama Pembe yu hai. Nguchiro naye yu hai, sinia bado analo, na asubuhi ya siku ile ya hadithi alikuwa amepita mtaani anapiga hodi.