Jeki ya Gari la Nyuma

Wapendwa, kabla sijafika kwenye somo lenyewe, nitegeeni masikio kidogo. Na nyinyi mliokaa mabenchi ya mwisho karibu na mlango, nawaona. Leo habari hii ni yenu, kwa hiyo naomba msitoke mapema.

Alikuwapo mwoka mikate mmoja wa Singida, yeye na mkewe. Miaka ishirini waliamka alfajiri kukanda unga. Na kila mwaka kiangazi kilipoingia, waliona magari manane yamesheheni mahema, masufuria na madumu ya maji, yakipita mbele ya duka lao yakipiga honi. Ulikuwa msafara wa watu wa kawaida tu: mwalimu, fundi bomba, muuza miwani, watu kama mimi na wewe. Walikuwa wakifunga kazi zao wiki mbili, wakashika barabara, wakapika njiani, wakalala kwenye mahema, wakaenda mpaka Ziwa Rukwa na kurudi. Mwoka mikate alikuwa akisimama mlangoni, mikono yote unga, akiwatazama mpaka vumbi litulie.

"Baba watoto," mkewe alimwambia, "funga mdomo, nzi wataingia."

Basi mwaka mmoja wakanunua pikapu. Naiita pikapu kwa heshima tu, wapendwa. Mlango mmoja ulikuwa haufunguki mpaka uubembeleze, na injini ilikohoa kuliko wazee wetu wa kwaya. Lakini ilikuwa yao. Wakaomba kujiunga na msafara, wakakubaliwa, wakawa gari la tisa. Siku ya kuondoka yule bwana hakula, kwa furaha.

Na wakapokelewa vizuri, tusiwasingizie watu! Jioni ya kwanza walipiga kambi Itigi, na ikawa ni karibu wageni huku, karibu wageni kule. "Wageni, chai!" "Wageni, msipige hema hapo, kuna siafu!" "Jamani, wageni wamepata nyama?" Mwoka mikate alicheka, akala, akashiba. Lakini alipoingia kwenye hema lake lile neno likawa linamkereketa kooni. Wageni. Wenzake wote walikuwa na majina, wengine hata ya utani, ila yeye na mkewe walikuwa wageni tu.

"Mama watoto," alisema, "safari hii sitaki kitu kingine. Nataka tukifika ziwani pasiwe na mtu wa kuniita mgeni. Kesho nitawaganda hawa kama kupe. Sitaachwa hata hatua kumi. Watajionea wenyewe kwamba na mimi ni dereva."

Mkewe akamjibu kwa kukoroma.

Asubuhi akaja kwao kiongozi wa msafara. Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, nesi mstaafu, wote wakimwita Mama Msafara. Kila siku gari lake lilikwenda la mwisho kabisa. Alikuja amebeba jeki ya zamani, nzito, imeshika kutu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Jeki yenu iko wapi?"

Mwoka mikate akaitoa kwa maringo. Jeki mpya, nyekundu, bado imo kwenye nailoni yake!

"Nzuri sana," Mama Msafara alisema. "Mpelekeeni mwalimu, yule aliye mbele yenu. Na hii yangu kaeni nayo nyinyi."

"Na sisi tukipata pancha, mama?"

"Mwalimu atarudi nayo. Hapa hakuna anayebeba jeki yake mwenyewe. Kila mmoja anabeba ya gari la nyuma yake, na anamwangalia kwenye kioo. Basi. Sheria nyingine hatuna."

Sasa naona fundi mmoja hapo ameshaanza kukunja uso, anataka kuniuliza jeki ya gari la kwanza ilibebwa na nani. Ndugu yangu, tulia. Mfano ni wangu.

Yule bwana akatii, lakini moyoni alinuna. Wamenichukulia jeki mpya, alijisemea, wakanitwisha chuma chakavu. Ndiyo maana wakakubali mgeni, walikuwa na upungufu wa punda. Tena akawaza: huyu mama amepangwa nyuma yetu kwa nini? Si ili atuchunge sisi, tusipotee? Mtu aliyepita njia hii mara kumi na tano, nimwangalie mimi ili iweje? Akaitupa ile jeki kwenye bodi ya pikapu, akaweka masufuria juu yake, kisha akalisimamisha godoro likaziba dirisha lote la nyuma. Turubai nalo likatuna pande zote mbili mpaka vioo vya pembeni vikawa havionyeshi chochote isipokuwa turubai.

"Baba watoto," mkewe alisema, "vioo vimezibwa. Nyuma hatuoni."

"Kwani naendesha kinyumenyume?"

Wakaondoka. Na wapendwa, ile siku aliendesha! Barabara ya kwenda Rungwa ilikuwa mchanga mahali pengine, mahali pengine makorongo, na mbung'o waliingia dirishani bila hodi. Yeye macho mbele tu, kwenye vumbi la mwalimu. Mwalimu akikaza mwendo, naye anakaza. Mwalimu akikata kona, naye kata. Jasho lilimtoka mpaka kiti kikalowa, na katikati ya jasho lile akaanza kuimba, na mkewe akaitikia, na wakavuka mchanga mrefu kuliko wote wakiwa wanaimba kwa sauti kubwa. Nani angemlaumu? Alikuwa na furaha mwanamume yule.

Saa tisa alasiri wakafika kambini, kando ya kijito. Watu wakapiga makofi. "Wageni wameweza! Siku ya kwanza tu ya mchanga!" Mwoka mikate akashuka taratibu, akajinyoosha, akapangusa uso, akawa anasubiri waseme jina lingine, si wageni.

Mwalimu akamsogelea akitabasamu. "Hongera, ndugu yangu. Na mama yuko wapi?"

"Si yuko nyuma?"

"Nyuma ya nani?"

Wapendwa, mimi nimewahi kuulizwa maswali mengi magumu, mengine na maaskofu. Lakini hilo! Yule bwana aligeuka. Barabara ilikuwa nyeupe, haina gari, hata vumbi hakuna. Makofi yakaisha. Hakuna aliyemgombeza, na afadhali wangemgombeza.

"Mara ya mwisho ulimwona wapi?" mwalimu akauliza kwa upole.

Yule bwana alimwona mara ya mwisho asubuhi, Itigi, akimpa jeki.

"Twendeni basi, twende wote," akasema. "Nyinyi mnaijua njia."

Mwalimu akatikisa kichwa. "Njia ni ile ile uliyojia. Sisi tutapika. Jeki ya mama unayo wewe."

Wakageuza pikapu. Njiani hakuna aliyeimba. "Kesho tutarudishwa Singida," mwoka mikate alisema. "Tutawatazama tena tukiwa mlangoni." Mkewe, ambaye siku zote hakukosa neno, aliweka mkono begani pake, basi.

Walikwenda zaidi ya saa nzima. Halafu, kwenye ukingo wa korongo moja, wakaliona gari la Mama Msafara limeinama upande mmoja, tairi la nyuma limelala. Na mama mwenyewe? Amekaa kwenye kigoda kivulini mwa gari lake, anamenya karanga! Amefua kanga mbili, ameanika. Chupa ya chai iko pembeni, na vikombe vitatu.

Hebu nisaidieni kuhesabu vile vikombe, wapendwa. Mama mmoja, peke yake porini. Vikombe vingapi?

"Karibuni wanangu," alisema. "Mmekawia kidogo, chai imeanza kupoa."

Yule bwana akapiga magoti kwenye vumbi. "Mama, tusamehe. Hatukukuangalia hata mara moja. Umekaa hapa tangu saa ngapi? Hakuna gari lolote lililopita?"

"Malori yamepita matatu. Madereva wazuri kweli, wote walisimama. Mmoja alishatoa mpaka jeki yake."

"Sasa mbona hukukubali?"

Mama Msafara akamtazama kama mtu anayeulizwa jambo lililo wazi. "Niliwaambia asanteni, nina watu wangu. Jeki yangu wanayo. Wanakuja."

Mkewe akaanza kulia. Mwoka mikate akauliza, "Na kama tusingekuja?"

"Hapo ndipo ningejua kwamba nimewaita watu wangu bure, na nyinyi bado ni wageni," Mama Msafara alisema. "Haya, kunyweni chai, halafu mninyanyulie gari."

Wakalinyanyua. Ile jeki ya kutu, iliyodharauliwa, ililibeba lile gari zito bila kulalamika. Mke alifungua nati, mume akaweka tairi la akiba, mama akawasimulia vichekesho vya wodini mpaka spana ikamdondokea mtu mguuni. Kabla hawajaondoka, yule bwana alilishusha godoro, akalifunga juu ya keria. Akalikaza turubai. Akavipangusa vioo vyote viwili kwa shati lake mwenyewe. Na njia yote ya kurudi alikuwa akitazama mbele mara moja, nyuma mara mbili.

"Baba watoto," mkewe alisema, "sasa ndiyo unaendesha kinyumenyume."

Walicheka mpaka kambini. Jua lilikuwa bado halijazama walipofika, na chakula kilikuwa tayari. Fundi bomba, aliyekuwa kwenye masufuria, akapaza sauti: "Jamani, wageni wamerudi?"

Mama Msafara akatoa kichwa dirishani. "Wageni gani? Mimi sikuona mgeni njiani. Nimekuja na watu wangu."

Ndipo yule bwana akaelewa jambo ambalo jeki ilikuwa imemwambia tangu asubuhi. Alidhani siku ile alikuwa anatafuta kupokelewa. Kumbe alishapokelewa kabla gari halijawashwa, pale mama alipomwekea mikononi kitu ambacho bila hicho mama mwenyewe hafiki.

Sasa tuje kwetu sisi.

Sisi kwa kukaribisha wageni hatuna mpinzani. Tunawasimamisha, wanataja majina, tunawapigia makofi matatu ya kilo, tunawapa soda pale nje. Vizuri sana. Halafu? Halafu kila mmoja wetu anarudi nyumbani na jeki yake mwenyewe kwenye buti. Ukiugua, unawapigia wale wale. Ukifiwa, unawaita wale wale. Yule dada aliyehamia hapa tangu Pasaka ya mwaka juzi, anayeketi pale karibu na dirisha, mpaka leo tunamwita nani? Mgeni! Miaka miwili tunamwambia karibu. Nani kati yetu amewahi kumwambia, dada, nina shida, njoo? Tumemstarehesha kwa ukarimu wetu mpaka amechoka. Hakuna hata mmoja wetu atakayekwama yeye asipokuja.

Na wewe uliye mgeni, unayenung'unika kwamba hawakujali, je, umekitazama kioo chako? Labda kuna mtu amekaa kwenye kigoda mahali fulani, amekataa malori matatu, ameandaa vikombe vitatu, anakungoja wewe.

Kwa hiyo leo sisemi kama ninavyosema siku zote. Mgeukie jirani yako, hasa yule usiyemjua jina. Umegeuka? Wazee wa kwaya, na nyinyi pia. Tafadhali, usimwambie karibu. Hiyo ameshaisikia ya kutosha.

Mwambie, "Nibebee jeki yangu."