Ndama wa Mtemi na Kisima cha Mjane

Isome hii taratibu, kisha mtumie yeyote anayehukumu kwanza na kuuliza baadaye.

Ndama wa Mtemi Ngasa walianza kufa ghafla. Baraza likakaa. Mashahidi wakaapa mbele ya jaji kwamba ndama walikufa baada ya kunywa kwenye kisima cha Mbuke, mjane mmoja wa hapo kijijini. Mwanahistoria akakumbusha kuwa babu yake Mbuke aliwahi kugombana na ukoo wa Mtemi. Basi, ikatosha! Kabla jua halijazama, mjane ahame na wanawe.

Nyamizi, mwalimu wa sayansi asilia, damu ikamchemka.

"Mtukufu Mtemi, kati ya hao mashahidi, kuna hata mmoja aliyeyajaribu hayo maji?"

"Wameapa!" jaji akafoka. "Hiyo sayansi yako ina nini cha zaidi?"

"Wewe unauliza watu, mwenzako anauliza ya kale. Kazi njema. Lakini kinachoua ndama hakijali kiapo cha mtu! Mimi nitayauliza maji yenyewe. Ingawa kwa macho yangu, shida ni zile pumba zenu zilizooza mnazowalisha."

Mtemi akakubali shingo upande. Nyamizi akatenga ndama watatu. Mmoja akanyweshwa maji ya kisima. Wa pili akalishwa pumba. Wa tatu akafungwa kwenye shamba la mtama lililokwisha kuvunwa, ambako Mtemi mwenyewe aliamuru ndama walishwe machipukizi mabichi.

Yule wa maji akabaki mzima, anarukaruka. Wa pumba naye mzima. Baraza likaangua kicheko.

"Mwalimu kaumbuka!"

"Nimekosea. Si pumba," Nyamizi akasema, wala hakuona haya.

Mara mchungaji akaja mbio: ndama wa shambani ameanguka, anatoa povu. Walipofika, alikwisha kufa; sumu ilikuwa katika yale machipukizi mabichi ya mtama.

"Hata hivyo, na wewe ulikosea kama sisi," jaji akanung'unika.

"Nilikosea, ndiyo! Na ndama amenisahihisha mbele yenu wote. Ninyi nani angewasahihisha, kama Mbuke na watoto wake wangekuwa wameshafukuzwa? Jamani, hamna hata aibu!"

Mtemi hakuweza kumtazama. Alimtuma jaji mwenyewe kwa Mbuke; jaji akamkuta anafunga mizigo, akamrudishia vyungu ndani kimoja kimoja.

Funzo: Sheria huuliza watu, historia huuliza yaliyopita, sayansi asilia hukiuliza kitu chenyewe na kukubali kikiikosoa. Usimwondoe mtu nyumbani kwake kwa jambo ambalo hukulijaribu.